Kupiga picha za mandhari Saadani: angalia mwezi kwanza

Umeuliza kama wikendi yoyote ya Julai inafaa kwa picha za mandhari Saadani, hifadhi ya taifa iliyo pwani ya Tanzania. Julai ni chaguo zuri: masika yameisha, na udongo mweusi wa kule, ambao hunasa magari mvua ikinyesha, umekauka. Ila usichague wikendi yoyote. Chagua kwa kuangalia mwezi wa angani.

Ufuko unatazama mashariki, kwa hiyo picha kubwa ni ya alfajiri. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kama saa kumi usiku na kukauka kama saa nne asubuhi. Jua linapochomoza bahari iko katikati ya kupwa, inaacha mchanga uliolowa unaorudisha rangi zote za anga. Mimi ningechukua mwezi mwandamo, maana usiku wake unakupa na nyota. Maji mafu, yaani siku za mwezi nusu ambapo maji hayajai wala kupwa sana, hayana mvuto huo.

Machweo yafuate bara, kwenye mbuga na minazi-mwitu iitwayo mivumo, au Mto Wami penye mikoko. Viboko na mamba wapo, usishuke ukingoni bila askari wa hifadhi. Droni usiibebe bila kibali.