Kozi ya bure, bando la kununua

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilijiandikisha kozi saba za mtandaoni. Niliyoimaliza? Hakuna. Kila moja iliponishinda nilikimbilia nyingine, nikisingizia mwalimu.

Baadaye nikajua tuko wengi. Mwaka 2012 MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walifungua kozi ya saketi na elektroniki kwa yeyote mwenye intaneti. Walijiandikisha karibu watu 155,000, wakafaulu 7,157. Miongoni mwao alikuwemo kijana wa Mongolia wa miaka 15, Battushig Myanganbay, aliyepata alama zote, na MIT wakampa nafasi ya kusoma kwao. Kisa hicho hupenda kusimuliwa kama cha kipaji tu. Kinachorukwa ni kwamba mkuu wa shule yake mwenyewe alisoma MIT, kwamba mwanafunzi wa uzamivu wa Stanford, chuo kingine cha Marekani, alikwenda Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, na vifaa vya maabara kwenye masanduku, na kwamba darasani walikuwa kundi.

Mimi kozi ya nane niliimaliza kwa sababu ya kundi. Tulikuwa watatu, kila Jumamosi baada ya saa nane, kwenye baraza ya duka la steshenari. Mmoja alipakua video kwa bando la usiku, kwa ubora wa chini kabisa (sura ya mwalimu ilikuwa ukungu, lakini ubao ulisomeka), kisha akaturushia simu kwa simu bila kutumia hata MB moja. Kozi nyingi zina maandishi ya somo zima. Yasome hayo kwanza, video ifungue pale usipoelewa.

Kiingereza ndicho kilichotutesa kuliko hesabu. Mwalimu anakwenda mbio, anatania kwa mambo ya kwao, wewe unabaki kucheka kwa kuwafuata walioko darasani. Tukaweka sheria: kila mmoja aeleze somo kwa Kiswahili, bila kutazama daftari. Mara ya kwanza nilisimama nieleze "loop" (amri inayoifanya kompyuta irudie kazi ileile), nikaishia kusema "inazunguka... inazunguka tu." Walicheka, nikarudi kusoma. Wiki iliyofuata nilieleza kwa mfano wa kondakta anayedai nauli siti kwa siti mpaka abiria waishe. Sijaisahau mpaka leo.

Kuhusu cheti, usilipe haraka. CS50, kozi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, ina cheti cha bure ukimaliza kazi zake zote, mbali na kile cha kulipia cha edX, tovuti ya kozi za mtandaoni. Coursera nako, tovuti nyingine ya kozi, unaweza kuomba msaada wa ada kwenye baadhi ya kozi. Usiandike "sina hela" ukaishia hapo: eleza unafanya nini sasa na kozi itakusaidia wapi. Na uombe mapema, maana jibu halitoki siku hiyohiyo. Mwenzetu mmoja alisubiri mpaka wiki ya nne ndipo akaomba, na kazi zake za majaribio zikakaa zimefungwa wakati sisi tunasonga.