Kidole chake kilikuwa kwenye safu ipi?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliisoma jana usiku, na leo asubuhi nimeirudia. Unasema umeonyeshwa sarafu ya Marekani, dola ya Morgan ya madini ya fedha, ya mwaka 1884, yenye herufi S mgongoni, alama ya kiwanda cha San Francisco. Muuzaji akafungua kitabu cha bei, akakuwekea kidole kwenye tarakimu, kisha akasema wewe atakuachia kwa nusu yake. Unaniuliza: mama, nusu ya bei ya kitabu si bahati?

Usilipe kwanza. Sikukatazi kuinunua, ila nataka urudi ukakiangalie tena kitabu kile na ujue kidole chake kilikuwa kwenye safu ipi.

Kitabu cha bei hakitoi bei moja kwa sarafu moja. Kila mwaka na kila alama ya kiwanda vina mstari wake, na mstari huo umegawanywa kwa safu kufuata daraja, yaani sarafu imechakaa kiasi gani. Madaraja yanahesabiwa 1 hadi 70, kipimo alichokitoa William Sheldon mwaka 1949 alipokuwa akipanga senti kubwa za shaba za Marekani. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuwahi kutumika. Chini ya hapo zimepita mikononi mwa watu.

Sasa hiyo ya kwako ndiyo mtego wenyewe. San Francisco walitengeneza dola 3,200,000 mwaka ule, na nyingi ziliingia sokoni zikatumika. Zilizochakaa zimebaki tele, na zisizotumika ni adimu mno. Ukitoka safu za mwanzo za mstari huo mpaka safu za sarafu zisizotumika, bei inapanda zaidi ya mara mia moja. Kwa hiyo nusu ya safu ya mwisho bado inaweza kuwa mara nyingi ya thamani ya sarafu uliyoishika. Mtu akikuonyesha tarakimu kabla hamjakubaliana daraja, mwanangu, anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama kitabu ni cha kweli na tarakimu ni ya kweli.

Basi anza na sarafu. Kitabu kikae kimefungwa. Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake, iweke chini ya taa moja tu, kisha iinamishe polepole huku na huku. Sarafu isiyotumika ina mng'ao unaozunguka kama miali ya gurudumu, kutoka katikati hadi ukingoni, bila kukatika. Tazama shavu la yule mwanamke aliye upande wa mbele, nywele zilizo juu ya sikio lake, halafu geuza uangalie kifua cha tai. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, ndizo zinazosuguliwa kwanza. Mng'ao ukifika hapo ukazimika, ukaona rangi ya kijivu iliyofifia, sarafu hiyo imetumika, hata kama ni kidogo sana. Kwa 1884-S, hicho kidogo ndicho kinachobeba bei yote.

Kisha chukua kioo cha kukuza, cha mara tano hadi kumi, utafute mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja kama mafagio yamepita. Hiyo ni sarafu iliyosafishwa. Nililia kwa ajili ya mikwaruzo hiyo. Ulikuwa bado mdogo niliponunua sarafu iliyong'aa kuliko zote nilizokuwa nazo, nikalipa bei ya kitabu kamili, nikaitunza miaka. Siku niliyotaka kuiuza, mnunuzi aliinamisha mara moja tu chini ya taa yake akanirudishia. Akanieleza kwa upole kwamba bei za kitabu ni za sarafu ambazo hazijasafishwa wala kuharibiwa, na yangu haikuwa na safu humo. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi, lakini kurasa za mwanzo zinazoeleza hayo sikuwahi kuzifungua. Wewe zisome.

Humohumo kwenye kurasa za mwanzo utaona pia kwamba bei hizo ni za aina gani. Kuna vitabu vinavyoandika bei ambayo mkusanyaji anatarajia kulipa dukani, na vingine vinaandika bei ambayo mfanyabiashara atakupa ukimpelekea sarafu. Kati ya hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo ndilo riziki ya muuzaji. Silalamikii riziki yake. Nataka tu usilinganishe bei ya kununulia na ya kuuzia ukadhani umepata faida.

Na tarakimu zinazeeka. Kitabu cha kuchapwa kinakusanywa miezi kadhaa kabla hakijafika mkononi mwako, huku bei ya madini ya fedha ikibadilika kila siku. Dola ya Morgan ina gramu 24 na ushee za fedha halisi, kwa hiyo hata ile iliyochakaa sana ina thamani ya madini yake, ambayo unaweza kuipiga hesabu mwenyewe siku hiyohiyo.

Adimu nayo hubadilika. Dola ya 1903 ya New Orleans, yenye herufi O, ilikuwa mojawapo ya dola zilizosifika kwa uadimu. Mwaka 1962 isiyotumika iliandikwa kitabuni dola 1,500. Mwishoni mwa mwaka huohuo Hazina ya Marekani ikafungua mifuko iliyokuwa imelala miaka mingi, na zikatoka humo kwa wingi mno. Bei ikaporomoka. Fikiria aliyeinunua mwezi mmoja kabla, akiwa na kitabu mkononi! Kila nikisoma habari hiyo moyo unaniuma kwa ajili yake.

Ndiyo maana mimi kitabu nakitumia kujua uwiano: mwaka gani ni mgumu kupatikana, bei inaruka kwenye daraja lipi. Bei ya kulipa naitafuta kwenye rekodi za minada, ambako imeandikwa kiasi ambacho mtu alikitoa kweli. Tafuta mauzo matano au sita ya karibuni ya 1884-S ya daraja lilelile, weka kando lile lililopanda kupita mengine, na uangalie kama ada ya mnunuzi, ile anayoulipa mnada juu ya bei, imejumuishwa.

Hukuniambia kama imefungwa kwenye kasha la plastiki la kampuni inayopima madaraja. Kama ni la PCGS au NGC, chukua namba iliyo kwenye lebo uitafute kwenye tovuti yao, ulinganishe picha ikiwepo, kwa sababu hata makasha yanaghushiwa. Kama haina kasha, mwombe muuzaji mkubaliane kwa maandishi kwamba utaipeleka kupimwa na atarudisha fedha zako ikirudi chini ya 60. Akikataa, mlipe bei ya sarafu iliyotumika au umwachie.

Nitumie picha za shavu na kifua cha tai, taa ikitokea ubavuni. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Mama yako akupendaye