Kubadili moli: andika kizio na jina la dutu katika kila hatua

Katika kuwafundisha wanaoanza kemia, nimeona kuwa kinachowakwamisha wengi katika kubadili moli (kipimo cha idadi ya chembe, ambapo moli 1 ni chembe 6.02 × 10²³) kwenda gramu, molekuli au ujazo, na kinyume chake, si hesabu yenyewe, maana ni kuzidisha na kugawanya tu, bali ni kutojua wakati gani wazidishe na wakati gani wagawanye. Ndiyo maana siwashauri wakariri kanuni mojamoja, wala ile pembetatu ya kukumbukia kanuni inayochorwa pembeni mwa daftari, kwani swali likigeuzwa kidogo mwanafunzi hajui aanzie wapi. Ninachosisitiza ni kuandika kizio (kama gramu au moli) na jina la dutu kando ya kila namba, bila kuruka hata mstari mmoja.

Tuchukue gramu 9 za maji. Moli moja ya maji ina masi ya gramu 18, kwa hiyo tunazidisha gramu 9 kwa sehemu yenye moli 1 juu na gramu 18 chini. Gramu zinafutana, na jibu ni moli 0.5. Atakayeipindua sehemu hiyo atapata 162, lakini kizio chake kitakuwa gramu za mraba kwa moli, jambo lisilo na maana yoyote hapa, na hivyo vizio vyenyewe vitamwonya kabla hajaendelea.

Jina la dutu nalo ni muhimu vilevile, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi. Moli 0.5 ya maji ina molekuli 3.01 × 10²³, lakini atomi za hidrojeni zilizomo ni 6.02 × 10²³, kwa kuwa kila molekuli inazo mbili. Hata kusema "moli moja ya oksijeni" hakujitoshelezi: moli moja ya atomi za oksijeni ina gramu 16, ilhali moli moja ya molekuli zake, O₂, ina gramu 32. Anayeandika "moli 1" peke yake amejinyima taarifa atakayoihitaji mstari unaofuata.

Kuhusu ujazo, kumbuka tu kwamba lita 22.4 kwa moli ni za gesi, tena katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa 1. Moli moja ya maji ya kimiminika hujaza takribani mililita 18 tu.

Ukifika kwenye milinganyo ya kemikali, usivuke kutoka gramu za dutu moja kwenda gramu za nyingine moja kwa moja, kwa sababu namba zilizotangulia fomula huhesabu moli, hazihesabu gramu. Katika 2Mg + O₂ → 2MgO, gramu 4.8 za magnesiamu (Mg, gramu 24 kwa moli) ni moli 0.2, nazo hutoa moli 0.2 za MgO (oksidi ya magnesiamu, gramu 40 kwa moli), yaani gramu 8. Tofauti ya gramu 3.2 ni oksijeni iliyoingia, ambayo ni moli 0.1 ya O₂, sawasawa na mlinganyo unavyodai. Napenda sana uhakiki huu wa mwisho, kwa kuwa humwezesha mwanafunzi kujisahihisha mwenyewe.

Kwa mazoezi, kila swali ulilolimaliza lifanye kinyumenyume: anza na molekuli 3.01 × 10²³ za maji, kisha urudi hadi upate gramu 9, ukiandika vizio vyote njiani.