Mkanda wa kutetemesha tumbo: usinunue kwanza

Dada, umeuliza kama ule mkanda wa umeme unaovaliwa ukiwa umekaa unatazama tamthilia utakuondolea kitambi cha baada ya uzazi. Kwa kifupi, hapana. Nami niliwahi kununua wa kutoa jasho. Nilivua fulana inachuruzika, mzani umeshuka kilo moja. Nikanywa maji na uji, kesho yake kilo ikarudi. Yalikuwa maji tu, mafuta hayakuguswa.

Ule wa umeme hukaza misuli, lakini mafuta yaliyo juu yake hubaki palepale. Marekani, mwaka 2002, tume ya biashara iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya aina hiyo kwa madai ya uongo.

Kilichonisaidia mimi: kuacha soda, chapati moja badala ya tatu, na kutembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usitegemee mzani.

Kama ulijifungua kwa upasuaji, una mimba au kifaa cha moyo, usiuvae kabla ya kumuona daktari. Tumbo likikua ghafla, likiwa gumu au linauma, nenda hospitali.