Kabla Hujafunga Begi

Wadogo zangu mnaokwenda kucheza mpira wa kikapu ugenini, msimu wa usajili ukifika simu yangu haipumziki. Huyu anauliza kama mshahara ulioandikwa ni kabla au baada ya kodi. Yule ameshasaini mkataba ndipo anautuma nimsomee. Mwingine ameshafika ugenini na sasa ndiyo anataka kujua klabu yake inacheza daraja gani! Nawapenda, lakini mnanichosha. Makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi, tena kwa mfuatano ule ule. Basi naandika mara moja, na atakayepiga simu nitamuuliza kwanza kama amesoma.

1. Fika ukiwa fiti. Mikataba mingi ina kifungu kwamba haifanyi kazi mpaka upite vipimo vya afya, na maandalizi ya msimu si mahali pa kwenda kutafutia pumzi.

2. Soma sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Hili ni lenu hasa ninyi mliolelewa na video za NBA, ligi ya Marekani. Mechi ni dakika 40, si 48, na faulo ya tano inakutoa, hakuna ya sita. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, kwa hiyo beki wako yuko karibu na ringi kuliko ulivyozoea. Taimauti, yale mapumziko mafupi katikati ya mchezo, inaombwa na kocha. Wewe mwenye mpira ukiwapigia waamuzi ishara mpaka mikono iume, hawatakuona. Hakuna sekunde tatu za ulinzi, ile sheria ya NBA inayomkataza beki kuganda chini ya kikapu, maana yake lile jitu la futi saba linaruhusiwa kukaa chini ya kikapu jioni nzima likisubiri upenye. Na masenta, ninyi warefu wa chini ya kikapu, nawaomba kwa unyenyekevu: mpira uliotupwa ukishagusa ringi, ruhusa kuupiga. Nimemwona kijana mrefu, mzuri kabisa, amesimama na mikono kiunoni akiangalia mpira unacheza juu ya ringi kama anasubiri matokeo ya mtihani. Mwenzake akaruka akausukuma ndani. Kocha hakusema neno, alimwita tu aje kukaa.

3. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko jembe unapewa siku ya kwanza. Ligi nyingi zina idadi maalumu ya wachezaji wa kigeni, na wewe umechukua nafasi moja kati ya hizo chache. Timu ikifungwa mfululizo, anayebadilishwa kwanza si mwenyeji. Lakini msilielewe vibaya mkadhani dawa ni kutupa kila mpira. Kuna kijana alinipigia kwa furaha: "Kaka, leo nimeweka pointi 27!" Nikamuuliza timu imeshinda? Kimya. Umetupa mara ngapi? Kimya kirefu zaidi. Ulaya hutumia sana hesabu ya tathmini inayojumlisha pointi, rebaundi (mipira unayodaka mtupo ukikosa), pasi za mwisho na faulo ulizochezewa, halafu inakata mitupo uliyokosa na mipira uliyopoteza. Ile 27 yake, ukiipitisha kwenye hesabu hiyo, ilibaki kidogo mno. Makocha wanaosajili huangalia karatasi hiyo kabla ya kukuangalia wewe.

4. Usidharau ligi. Mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale klabu zinapochagua chipukizi kwa zamu, na klabu ya Memphis Grizzlies. James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa, walichaguliwa baada yake, wa tatu na wa saba. Miaka ilivyokwenda akacheza Japani, akacheza Taiwan. Mtu aliyeitwa wa pili duniani alikwenda kufanya kazi mahali kazi ilipo. Wewe unakataa daraja la pili kwa sababu ukumbi una viti vichache?

5. Mshahara ukichelewa. Hapa kaeni chini, maana msimu huu peke yake wawili wametaka kufanya nilichofanya mimi.

Jina la klabu silitaji. Miezi ya mwanzo pesa iliingia kwa tarehe, kisha ikaanza kuteleza. Meneja alikuwa na tabasamu na neno moja, "wiki ijayo". Wenyeji walishazoea, wanataniana chumba cha kubadilishia nguo kuhusu nani atamkopa nani. Mimi sikutania. Nilijiona nadharauliwa, na badala ya kusoma mkataba nikawa nasoma sura za watu. Nilimlalamikia meneja, kocha, msaidizi wa kocha, mpaka dereva wa basi. Yote kwa mdomo.

Usiku mmoja tukafungwa nyumbani na kocha akaniweka benchi robo yote ya nne. Nikarudi kwenye nyumba ya klabu, nikafunga begi, nikaacha funguo za gari mezani, alfajiri nikapanda ndege. Wakala wangu alipata ujumbe nikiwa nimeshakaa kwenye kiti. Nilijisikia mwanaume haswa. Nilikuwa nadai, nimeondoka, wataisoma namba.

Walioisoma namba walikuwa wengine. Ndani ya mkataba wangu, kurasa ambazo sikuwahi kuzifungua, kulikuwa na utaratibu wote: malipo yakichelewa, toa taarifa kwa maandishi, klabu inapewa siku za kulipa, zikipita, una haki ya kugoma mazoezi na mechi, zikipita tena, una haki ya kuvunja mkataba na bado kudai pesa yako. Mimi nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja. Klabu ikaandika kabla yangu: mchezaji ametoroka kazini. Ghafla mdaiwa ndiye mlalamikaji.

Klabu nyingine, nchi nyingine, ilikuwa inanitaka. Mnajua utaratibu: bila barua ya kliaransi, yaani ruhusa ya kuhama, kutoka shirikisho la nchi unayoiacha, huchezi. Na barua hiyo inaweza kuzuiwa ikiwa bado una mkataba. Klabu niliyoikimbia ikajibu kwa adabu kwamba mkataba upo. Nikasubiri, dirisha la usajili likafungwa, wale walionitaka wakachukua mtu mwingine wa nafasi yangu.

Mwanasheria akanieleza kuhusu BAT, ile mahakama ya usuluhishi ya FIBA yenye makao Geneva. Msuluhishi huamua kwa haki na usawa, na kesi nyingi huendeshwa kwa karatasi tu. "Karatasi zako ziko wapi?" akauliza. Sikuwa nazo. Mwisho tukaelewana nje: nikawasamehe deni langu mwenyewe ili wanisamehe kosa langu. Miezi iliyobaki nilikuwa natupa mipira peke yangu kwenye ukumbi wa kuazima.

Lakini kinachonikera mpaka leo si pesa. Nahodha wetu, mwenyeji, aliyekuwa anadai kama mimi, alimalizia msimu akicheza dakika zangu juu ya zake huku kifundo kimefungwa bandeji. Tulipokutana baadaye hakunilaumu. Aliniuliza kwa nini sikuaga, nikakosa jibu.

Sasa mlinganishe na mgeni mwenzangu aliyebaki palepale. Siku malipo yalipochelewa kupita kiwango cha mkataba, wakala wake alituma barua pepe. Yeye akaendelea na mazoezi, wa kwanza kufika, wa mwisho kutoka, ili asipewe sababu. Siku zilipokwisha akaondoka na kliaransi mkononi, na deni akalifuata BAT kwa sababu mkataba wake ulikuwa na kifungu cha BAT. Klabu isiyotekeleza uamuzi wa BAT inaweza kufungiwa na FIBA kusajili wachezaji wapya, na hapo pesa iliyokuwa haipo huonekana.

6. Wakala awe na leseni ya FIBA. Majina yapo kwenye tovuti yao, kuangalia hakuchukui dakika mbili. Anayekutaka utume pesa kwanza ndiyo akutafutie timu, mfungie namba.

7. Mkataba ukisema mshahara ni baada ya kodi, dai risiti ya kodi kila mwaka.

8. Gari ni la klabu, faini za mwendo kasi ni zako. Mmoja wenu alifikiri zile bahasha ni barua za mashabiki.

9. Usimeze dawa wala unga wa kujengea mwili bila kumuuliza daktari wa timu. Kitakachokutwa kwenye mkojo wako unawajibika nacho wewe, hata kama alikupa binamu.

10. Video. Acheni kunitumia dakika tatu za danki, zile za kuruka na kuzamisha mpira kwenye ringi, zenye muziki. Tuma mechi nzima, mbili, na moja iwe uliyofungwa. Kocha anayetaka kukusajili anataka kuona ukipoteza mpira unarudi kukaba kwa mbio au unarudi huku unamwonyesha mwamuzi mikono. Danki tumeziona.