Jibu: Mpiga gitaa Moshi, nibaki au nihamie Dar?

Mkuu, umeuliza kama mpiga solo anaweza kuishi kwa muziki hapa Moshi au afungashe aende Dar. Mi naona usiondoke kabla ya Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, harusi na kipaimara kila kona, bendi zinapungukiwa watu. Penya hapo, ila uzijue rumba, injili na zilipendwa, tena kwa kii (kimo cha sauti ya wimbo) yoyote atakayotaka mwimbaji. Nyimbo zako chomeka mojamoja. Januari kukavu, ada za shule zimekomba hela; mwishoni mwa Februari Kilimanjaro Marathon inajaza mji tena. Malipo mkubaliane kabla hujachomeka gitaa. Na kwaya ya usharika usiidharau (wapiga kinanda wazuri wako huko).