Asiamshwe hata akija nani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama posho ya zamu ya usiku inatosha kufidia afya ya mfanyakazi. Nimelisoma asubuhi nikiwa nimetoka naiti, viatu bado viko miguuni, na limenigusa penyewe. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa 21 kazini, na usiku wa wodini naujua kuliko ninavyoujua mchana wa nyumbani kwangu.

Kuhusu posho nitajibu kwa kifupi: haitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri aongeze isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na usiku wenyewe inauhesabu tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Inakataza pia kumpangia usiku mama mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua. Ni sheria nzuri kwa kadiri yake. Lakini ikigonga saa 12 asubuhi inakuwa imemalizana na sisi, na kwetu shida ndiyo kwanza inaanza. Swali ambalo ningependa mliulize ni hili: mtu akishatoka naiti, mchana nani anamlindia usingizi wake?

Maana usiku wenyewe unavumilika. Unachoka, ndiyo. Ikifika saa 10 alfajiri kibaridi kinakuingia hata kama ni Desemba, mnajitanda vitenge juu ya sare, kwa sababu hiyo ndiyo saa joto la mwili linaposhuka kuliko saa nyingine zote. Lakini una wenzako, una chai kwenye chupa, una wagonjwa wanaokuita. Kazi ngumu ni kulala mchana. Unakabidhi ripoti, unatoka saa 2, jua la Dar limeshapanda na linakupiga usoni pale kituoni unaposubiri daladala. Jicho likishapokea mwanga ule, ubongo unajua kumekucha, na homoni ya usingizi, melatonini, inazimwa. Unafika nyumbani, kwangu ni Tandika, saa 4 bati limeshaanza kuwaka. Anapita muuza samaki, anapita wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake, watoto wanacheza kombolela chini ya dirisha lako. Na lazima atakuwepo mmoja wa kugonga mlango: “Mama nanihii, mbona umelala mchana, unaumwa?” Mtaani kwetu anayelala mchana ana mambo matatu tu: mgonjwa, mvivu, au mjamzito.

Kwa hiyo kwa miaka mingi msimamo wangu ulikuwa mmoja, na nilipokaa kuandika jibu hili nilikusudia kuutetea. Aliyetoka naiti afunge mlango, atie komeo, na dunia imsubiri. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wodini nimewafundisha hivyo hivyo.

Mtu mmoja tu mtaani hakuwahi kuniuliza kama naumwa, naye ni bibi wa nyumba ya tatu, mpika vitumbua. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa usiku. Mchele aliusaga na kuuumua jioni kwa tui, hamira na iliki, kisha saa 9 usiku alikuwa ameshawasha mkaa. Nikitoka naiti namkuta barazani kwenye kigoda, kijiti mkononi, anageuza kitumbua kimoja kimoja kwenye chuma chake chenye vishimo saba, kingo zikishaiva rangi ya kahawia. Ananiwekea vinne kwenye kibakuli chenye mfuniko. Watoto wakianza kelele nje kwangu alikuwa anawafukuza yeye: “Nendeni kule, mwenzenu katoka kazini usiku kucha!” Naye baada ya adhuhuri alikuwa analala. Aliwahi kuniambia, “Usingizi wa mchana una wenyewe, mwanangu.”

Ilikuwa Desemba 2011, watoto wako likizo. Jioni nikiwa natoka kwenda kuanza naiti ya kwanza, nilimkuta ameketi barazani, hajaanza kukuna nazi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Leo unaingia?”

“Naingia.”

“Kichwa hiki kinanigonga tangu jana. Ile mashine yako ya presha ipo?”

Ilikuwepo, juu ya kabati chumbani kwangu. Kwenda kuichukua, kumpima na kuirudisha ni dakika kumi. Lakini nilikuwa nimechelewa, na zamu ile tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima. Nikamwambia, “Kesho asubuhi nikitoka nitakupima, bibi.” Akasema haya.

Asubuhi yake nilishuka kwenye daladala mnamo saa 2 na nusu. Nikapita mbele ya baraza lake. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na kigoda. Chuma cha vitumbua kilikuwa kimeegeshwa ukutani, kimegeuzwa chini juu. Niliviona hivyo vyote. Nakumbuka kabisa kwamba niliviona, na wala havikuniambia kitu. Nilichokiwaza ni kitanda tu. Nilimwita binti yangu mkubwa, alikuwa na miaka 7, nikamwekea kiti mlangoni na kumwambia maneno ambayo leo naweza kuyarudia kama yalivyokuwa: “Mama analala. Asiamshwe hata akija nani.” Nikatia pamba masikioni, nikafungulia feni, nikameza vidonge viwili vya piritoni, dawa ya mafua ambayo wengi wetu tuliigeuza dawa ya usingizi ingawa tulijua fika kwamba si kazi yake. Nikalala.

Sijawahi kulala mchana vile, kabla wala baada. Kawaida yangu ni saa tatu au nne za kushtukashtuka. Siku ile nililala saa saba bila kugeuka.

Bibi alifariki saa 4 asubuhi. Mdogo wake alikuja kwangu mara mbili, mara ya kwanza akiwa bado hai na amelegea upande mmoja. Binti yangu alisimama mlangoni akasema mama kasema asiamshwe. Mara ya pili alikuja kutoa taarifa ya msiba. Akapewa jibu lile lile. Mtoto alifanya alichoagizwa.

Niliamka saa 10 na nusu. Nilipotoa pamba masikioni kilichonishtua ni ukimya: hakuna redio, hakuna mtoto. Nikatoka nje na khanga. Mikeka imetandikwa, wanawake wamekaa, wanaume wote wameshakwenda makaburini. Nikajua kabla sijaambiwa. Mdogo wa marehemu aliinua macho akaniangalia, akasema, “Umeamka?” Basi. Hakuongeza neno, wala hakuwahi kuliongelea tena mpaka leo.

Nyie mliozaliwa uswahilini mnajua maana yake. Unaweza kukosa harusi ukasamehewa. Msiba wa nyumba ya tatu, wewe ni jirani, tena muuguzi, na ulikuwa ndani umelala! Nilikaa matanga siku zote tatu, mchana nikiwa pale na usiku nikiingia kazini, nikalala labda saa nne kwa siku zote hizo. Nilitaka waone.

Nimekuwa nikijiambia kwamba hata ningeamshwa nisingeweza kitu. Kiharusi cha namna ile kinahitaji hospitali, si mashine ya presha. Huenda ni kweli. Lakini ninapoandika haya naona kwamba sikuwa nikiliangalia swali lenyewe. Lililonishinda lilitokea saa 2 na nusu, nilipokiona kile chuma ukutani nikapita. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeamka saa 11 na nusu alfajiri kuwaandalia watoto, kwa hiyo nilipopita pale nilikuwa macho kwa saa 27. Watafiti wamepima hili. Mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi wa akili sawa na aliyekunywa pombe, na akifika saa 24 anakuwa amepita kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kushika usukani. Na saa chache kabla ya hapo nilikuwa natayarisha dawa za wagonjwa.

Hayo mengine mnayoyauliza, ya afya, nami ninayo. Presha ilinianza nikiwa na miaka 41. Tumbo linaniuma nikila saa 8 usiku na linaniuma nisipokula. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, likarudia hivyo mwaka 2019. Kisukari na maradhi ya moyo navyo huonekana zaidi kwa wanaokesha miaka mingi. Ni mambo mazito, wala siyapuuzi. Lakini sikuyaandika juu kwa sababu siyo yanayoniamsha nikiwa ofu.

Nilianza nikitaka kusema mtuache tulale. Bado nasema hivyo, tena kwa sauti: mwanamke aliyetoka naiti asipelekwe sokoni, asiachiwe ufuaji, mkwe asifike saa 5 asubuhi akategemea kupikiwa. Waume, hili linawahusu zaidi kuliko mwajiri. Na mwajiri naye asimpangie mtu naiti ya kwanza bila kumpa mchana wa kulala kabla, maana ile ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Hayo yana thamani kupita posho, ingawa posho nayo msiiguse, iongezwe.

Ila suala la komeo nalirudisha nyuma. Sijui kama ni sahihi kwa kila mtu. Mwenye nyumba yenye ukuta na geti pengine afunge tu. Sisi tunaokaa ukuta kwa ukuta hatuna namna ya kulala peke yetu. Yule bibi alikuwa anaulinda usingizi wangu bila kufunga mlango wowote, na alikuwa anaamka mwenyewe akiitwa.

Wiki hii niko naiti. Piritoni niliacha. Dirishani nimetundika vitenge viwili vizito, feni ipo, pamba ipo sikio moja. Mlango naurudishia bila komeo, na mtoto wa jirani anajua dirisha la kugonga na mambo ya kuja kugongea: mtu kuzidiwa, msiba, moto, uchungu wa kujifungua. Mengine yanangoja saa 9 alasiri. Na mashine ya presha haikai tena juu ya kabati, inakaa kwenye mkoba.

Msomaji wenu, Tandika, Dar es Salaam